Entropia kupanda tu hakutoshi

Nadharia mpya za daraja la kwanza (zinazotumia viwango vya kwanza vya mabadiliko tu) za giligili za uhusianifu, yaani zinazofuata uhusianifu wa Einstein, za Bemfica, Disconzi, Noronha na Kovtun (BDNK), zinashtakiwa kwa kosa zito: zinaruhusu uzalishaji wa entropia, kipimo cha mtawanyiko wa nishati, kuwa hasi. Kwa anayeiheshimu sheria ya pili ya themodinamiki, isemayo entropia ya mfumo uliofungwa haipungui, kesi inaishia hapo. Ila tuangalie kwanza yaliyomkuta aliyeishika sheria hiyo barabara.

Mwaka 1940 mwanafizikia Eckart aliufanya mtiririko wa joto ufuate mteremko wa halijoto pamoja na mchapuko wa giligili, ili uzalishaji wa entropia usishuke chini ya sifuri kamwe. Alifanikiwa. Kisha mwaka 1985 Hiscock na Lindblom wakaonyesha kwamba, kwa milinganyo hiyo, hata maji ya kawaida hayatulii: msukosuko mdogo huzidishwa kwa e (2.718 hivi) kila baada ya takriban sekunde 10⁻³⁴.

Namba hiyo haina muujiza. Chukua upitishaji joto wa maji, 0.6 W/m·K, zidisha kwa kelvini 300, gawanya kwa 1000 kg/m³ mara c⁴ (c ni kasi ya mwanga): unapata kama sekunde 2×10⁻³⁵, jirani kabisa. Migongano ya molekuli za maji huchukua sekunde 10⁻¹³ hivi, kwa hiyo mlipuko unatokea mahali ambapo milinganyo haina mamlaka. Wapo wanaoupuuza kwa sababu hiyo. Kompyuta haipuuzi: kosa la kukadiria tarakimu la 10⁻¹⁶ linahitaji vipindi 37 tu vya kuzidishwa kwa e kumeza jibu lote, na kupunguza hatua ya muda hakusaidii.

Gavassino, Antonelli na Haskell walieleza chanzo mwaka 2020. Nishati na momenta zikiwa zimefungwa, entropia ya Eckart haina kilele kwenye msawazo. Ni mlima usio na ncha: uzalishaji chanya unausukuma mfumo upande, nao unapanda bila kikomo, joto likitiririka upande mmoja na giligili ikichapuka upande wa pili. Yaani ule uchanya uliotakiwa utulinde ndio unaoulisha mlipuko.

Dawa ya Israel na Stewart, ya miaka ya 1970, ni ya heshima. Walitia kwenye entropia kijenzi hasi cha mraba wa mtiririko wa joto, kilele kikarudi, na kila mtiririko ukapewa muda wake wa kutulia. Programu nyingi za migongano ya viini vizito vya atomi zimejengwa juu ya ukoo huo. Gharama ni vigeu 14 badala ya 5.

BDNK inabaki na 5, ingawa inadai pia viwango vyake vya mabadiliko vya mwanzo. Nje ya msawazo halijoto na kasi havina ufafanuzi mmoja. Basi inatumia uhuru huo kuongeza mabadiliko ya kimuda kwenye nishati na mtiririko wa joto. Vigawo vikitimiza masharti yake, mfumo hutulia na hakuna ishara inayoupita mwanga.

Na uzalishaji hasi wa entropia? Uwiano wa njia huru ya chembe (umbali kati ya migongano) kwa ukubwa wa mfumo ukiwa 0.1, uzalishaji halali ni wa kiwango cha 0.01, na vijenzi vyenye alama mbaya ni vya 0.001. Vinaweza kushinda pale tu uwiano huo unapokaribia 1, ambako vijenzi vilivyoachwa nje ya nadharia vina uzito uleule.

Kwenye mawimbi makali ya mshtuko mpinzani ana hoja, maana uwiano huo hupanda kweli. Huko alama hasi kwenye seli (kipande kidogo cha nafasi) ya programu ichukuliwe kama kengele: matokeo ya seli hiyo, mnato na joto pamoja, yasitumike.