Viatu vya Bluu
Kabla hamjaisikia kwa yule rafiki yangu wa tuktuk: sikumteka nyara mama wa mtu. Kwa hadithi yake eti nimeiba ajuza stesheni, nikamlisha kichwa cha samaki mbuta, hadi polisi wakaitwa. Hakuna aliyeita polisi. Walikuwa wamesimama palepale.

Mama mkwe alikuwa anakuja na treni ya Ijumaa jioni, ile inayolala njiani kutoka Nairobi na kuamkia Kisumu. Mke wangu yuko kazini, na huko simu hufungiwa kabatini hadi mapumziko. Aliniagiza: "Kapu la ukindu, viatu vya bluu. Mtembeze polepole hadi nitoke." Sasa, Waluhya wenzangu mnielewe hapa: mama mkwe hatazamwi usoni. Siku ya posa niliona vidole vya miguu tu. Basi nikasimama stesheni nimeinama, nakagua miguu ya abiria kama fundi viatu anayetafuta kazi.

Kapu likaja. Viatu vya bluu vikaja.

"Shikamoo mama, nimetumwa nikupokee."

"Marahaba. Nilijua tu hataweza kuja mwenyewe."

Ningeshuku nini hapo? Niambieni!

Nikaviambia vile viatu kwamba reli ilifika hapa ziwani 1901, pakiitwa Port Florence, jina la mke wa mhandisi wa reli. "Ona mwanamume anayempenda mkewe," nikaongeza. Nakiri nilikuwa najiuza. Tukapita mnara wa saa wa 1938, barabara ya Oginga Odinga, tukaenda hadi makavazi. Pale kuna boma la Kiluo lenye nyumba za wake watatu. Mama akazizunguka zote, akauliza, "Na wewe umepanga kujenga ngapi?"

Nikaapa, mkono kifuani: moja tu.

"Mkeo ana bahati."

Jamani, niliwaona ng'ombe wawili wakitoka kwenye deni la mahari na kurudi zizini kwetu, mikia juu.

Tulipofika Dunga, ufukweni mwa ziwa, nikaagiza samaki kama mtu mwenye pesa. Simu ikalia.

"Mko wapi?"

"Dunga. Mama anakula."

"Mama yupi?"

Nikacheka. "Mama yako, nani mwingine?"

Kimya. Korongo mmoja akatua karibu na maboti, akanitazama.

"Mama yangu nimeongea naye sasa hivi. Amekalia sanduku stesheni tangu asubuhi."

Chini ya meza, kiatu kimoja cha bluu kilikuwa kimevuliwa nusu, kinaning'inia kwa starehe. Nikaanza kupanda na macho. Gauni. Kapu. Kiwiko. Mkono ulioshika kichwa cha mbuta. Kidevuni nikapumzika kidogo, kama mtu anayeogopa kufungua bahasha ya matokeo. Kisha uso. Mama mzuri, mashavu yameshiba, na hafanani na mke wangu hata kwa bahati mbaya. Akafyonza jicho la samaki, akatema ile gololi nyeupe kwenye sahani, akaniuliza:

"Mwanangu anakulipa ngapi kwa hii kazi? Maana unaiweza."

Sitaki maswali kuhusu yaliyofuata. Tuktuk ilikimbia. Mwanawe alikuwa langoni mwa stesheni akiwaeleza askari sura ya mama yake, nami nikashuka na sura yenyewe. Alinishika shati, mamake akamchapa na kapu. Mke wangu alifika. Viatu vya bluu vya pili vilikuwa pale juani, juu ya sanduku, na safari hii nilimtazama mama mkwe usoni mzimamzima, ili nisikosee tena. Kumbe hilo ndilo lililomuudhi.

Wazee wanasema faini ni kuku. Mama mkwe anasema mbuzi, na alisema akiangalia ukuta.

Jana yule mama mwingine amepiga simu. Anauliza Jumapili tunaenda wapi.