Mjomba Apigiwa Vigelegele kwa Fedha Asizotoa

Kamati ya harusi ya binti yetu, hapa Tanga, ilinipa ukatibu kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba nina kompyuta. Orodha ya wachangiaji niliiandika kwenye lahajedwali, yaani programu ya majedwali kama Excel: majina na namba za simu upande wa kushoto, ahadi, fedha zilizotolewa na salio upande wa kulia, na siku ya kikao nikaipeleka steshenari kwenye flashi. Kijana wa pale, aliyezongwa na foleni ya wanafunzi, alibonyeza kitufe cha kuchapa bila kuutazama ukurasa.

Lahajedwali lisipoelekezwa humaliza kwanza kurasa zote za kwenda chini, ndipo lihamie kulia. Kwa kuwa jedwali lilikuwa pana kuliko karatasi ya A4 iliyosimama, majina yote yalitangulia na fedha zote zikafuata nyuma, bila mistari ya jedwali na bila namba za kurasa. Kikao kilikuwa Ngamiani, ambako barabara hutambulika kwa namba, bahati ambayo karatasi zangu hazikuipata.

Upepo ulizitawanya barazani, Shangazi akaziokota na kuzipanga alivyoona inafaa, majina huku, fedha kule. Kila ukurasa ulikuwa na idadi ileile ya mistari, hivyo zililingana vizuri mno, wala hakuna aliyeshuku.

Mwenyekiti alivaa miwani akaanza kusoma. Mjomba, aliyeahidi shilingi 20,000 na hadi siku hiyo hajatoa hata senti, akatangazwa kuwa ametoa 500,000 taslimu. Shangazi akapiga vigelegele. Mjomba hakushtuka hata kidogo. Alisimama taratibu, akaiweka sawa kofia yake, akasema kuwa damu ni nzito kuliko maji. Mkwe wetu kutoka Pangani, mwenye hizo 500,000, alisomewa 5,000 na deni juu yake, akauliza kwa upole wa kutisha kama ujumbe wa muamala uliomo kwenye simu yake ni wa harusi nyingine.

Nilirudi steshenari mbio, safari hii nikamsimamia kijana begani. Tuliilaza karatasi, tukaagiza safu zote zienee kwenye upana wa ukurasa mmoja na urefu tukauacha huru, maana tungeubana nao herufi zingetoka kama mayai ya chawa. Tukaamuru mstari wa vichwa ujirudie kila ukurasa, mistari ya jedwali ichapwe, na namba za kurasa ziwekwe chini.

Mwenyekiti alisoma upya, na mkwe akarudishiwa heshima yake. Ilipofika zamu ya Mjomba, ahadi 20,000, alichotoa sifuri, baraza zima likamgeukia. Aliiomba karatasi, akaikagua mbele na nyuma, kisha akanirudishia.

“Mpwa wangu,” akasema, “hii wameichapa vibaya. Ile ya kwanza ndiyo iliyotoka sawa.”