Kijana Wetu na Bawa la Duaradufu

Jumamosi iliyopita, katika karakana ya seremala mmoja wa Keko, Dar es Salaam, kijana anayejijengea ndege ya kiti kimoja alinikunjulia mchoro wa bawa lake. Lilikuwa bawa la duaradufu, kama lile la Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza. "Mzee, hili ndilo bawa bora kuliko yote, hata vitabu vinasema," aliniambia. Nilirudi nyumbani na uchungu, kwa kuwa huu ni mwezi wa nne na hajamaliza hata nusu ya mbavu, yaani vipande vinavyolipa bawa umbo, za upande mmoja.

Vitabu havikumdanganya. Ludwig Prandtl, mwanasayansi Mjerumani wa mwendo wa hewa, alikwisha kuonyesha kwamba, kwa uzito, mwendo na urefu uleule wa bawa, ukinzani wa hewa unaozaliwa na nguvu ya kuinua huwa mdogo kabisa nguvu hiyo inapogawanyika kwa umbo la duaradufu. Lakini kinachotakiwa ni mgawanyo wa nguvu, wala si lazima umbo la mbao. Bawa la kingo zilizonyooka, ambalo upana wa nchani ni kama asilimia 40 ya upana wa shinani, linapoungana na kiwiliwili cha ndege, hupitwa kwa takriban asilimia 1 tu. Tena bawa la mita 8 kutoka ncha hadi ncha likirefushwa sentimita 20 kila upande, ukinzani huo hupungua kwa karibu asilimia 9.

Kazi nayo ni nzito. Bawa la mstatili lina kigezo kimoja cha mbavu zote. La duaradufu hudai kigezo kipya kwa kila jozi, na plaiwudi, inayokubali kupinda upande mmoja, hukunjamana ukiilazimisha kupinda pande mbili kwa pamoja.

Hayo yote ningeyavumilia, kwani bawa hilo ni zuri mno. Linaloninyima usingizi ni mwendo wa kutua, ndege inapopunguza kasi. Bawa la mstatili huanza kupoteza nguvu ya kuinua shinani, rubani akahisi mtikisiko mapema huku ncha zikiwa bado zinamtii. La duaradufu lisilosokotwa, yaani lenye pembe ileile toka shinani hadi nchani, hukaribia kuishiwa nguvu lote kwa mara moja, na kasoro ndogo ya useremala yatosha kuangusha upande mmoja, ndege ikiwa chini mno kwa rubani kuiokoa. Waliobuni Spitfire, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1936, walilijua hilo, wakalisokota bawa, pembe yake ikipungua kutoka nyuzi 2 shinani hadi nusu nyuzi chini ya sifuri nchani. Ukilisokota hivyo, mgawanyo wa nguvu hauwi tena duaradufu kamili. Yaani ule ubora ambao kijana wetu anautolea miezi yake unapungua kwa hatua ileile inayomlinda asife. Wao pia walikuwa na sababu isiyomhusu: walihitaji bawa jembamba lenye nafasi ya bunduki 8 na magurudumu.

Nimemwomba achore upya, kwa kingo zilizonyooka. Ameniomba wiki moja ya kufikiri, na boriti kuu bado haijakatwa.