"Mmetia nanga hapo?"

Wakuu, najua mshaisikia. Ile voisi ya mshkaji wangu ya dakika nne kuhusu safari yetu ya boti ya Jumamosi imeshazunguka magrupu yote, hadi shangazi yangu kanitumia mimi mwenyewe na kuuliza "huyu anayesemwa humu unamjua?" Sasa bora niongee mwenyewe kabla haijafika kwamba tulizama. Hatukuzama. Na hiyo habari ya kuvutwa na mtumbwi imetiwa chumvi, tutaifikia. Ila ile ya kwamba boti itakwenda noti 43 ni kweli nilisema, nilisema mbele ya watu na nikarudia, hapo sina pa kukimbilia. (Noti za mwendo wa baharini, yaani maili za baharini kwa saa, sio za mfukoni, za mfukoni sikuwa nazo kabisa na ndio chanzo cha yote haya.)

Boti mnaijua. Ya mbao, pana, nzito kama deni. Injini yake horsi 60, na ilikuja na mguu (ile sehemu ya chini ya injini yenye gia na propela) wa gia nzito, 2.33 kwa 1, yaani injini ikizunguka mara mbili na theluthi ndio propela inamaliza mzunguko mmoja. Propela pana, kipenyo inchi 14, pichi 12. Kwa wageni, pichi ni zile inchi ambazo propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa ubao na yenyewe ni skrubu. Maji sio ubao, kwa hiyo kuna slipu, unapoteza kiasi. Ilikuwa inatupeleka noti 18 hivi, haina haraka haina ugomvi.

Nikagonga mwamba. Hii nayo ina stori yake, siku nyingine. Gia zikala meno, mguu ukafa. Nikatafuta mguu wa mtumba nikaupata, muuzaji akaniambia chukua huu, injini ni familia moja, unaingia bila neno. Na kweli uliingia, boliti zote zilikaa, nikajipiga picha. Ulikuwa mwembamba kidogo kuliko ule wa zamani na propela yangu ya inchi 14 haikuenea chini ya lile bati lake linalokaa juu ya propela, lakini mtu akishafurahi haoni. Ubavuni umeandikwa 1.83. Nikaona hiyo ni namba ya modeli tu. Baadaye kidogo nikajua ni gia, na badala ya kuogopa nikafurahi zaidi, maana gia ndogo propela inazunguka haraka, si ndio spidi hiyo jamani?

Ikabidi nitafute propela ya kuenea. Zilikuwepo mbili, pichi 11 na pichi 17. Nawaona mnavyotikisa vichwa. Nilichukua 17.

Tena sio kwa ujinga, nilipiga hesabu! Daftari ninalo hadi leo. Chukua mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa gia, zidisha kwa pichi, gawanya kwa 1215, unapata noti. Hesabu ni sahihi, msinitukanie hesabu. 5700 gawanya 1.83 ni 3115, mara 17, gawanya 1215, jibu 43 na nusu. Nikatoa slipu ya asilimia 10 kwa heshima tu, halafu nikaona inaharibu namba nikairudisha. Kitu ambacho daftari halikuniuliza ni kwamba hiyo 5700 ataizungusha nani.

Basi Jumamosi watu tisa ndani ya boti, na mimi wa kumi. Tunavuka kwenda kisiwani, maili 4 za baharini, nikatangaza kwa sauti kwamba ni dakika sita hata hazitimii, shikeni kofia. Mshkaji akawasha saa ya simu. Nilimwambia mwenyewe awashe.

Sasa twende polepole hapa.

Nikasukuma mafuta mpaka mwisho. Omo, yaani pua ya boti, ikanyanyuka. Kawaida boti inanyanyua omo sekunde chache halafu inajilaza na kuanza kuteleza juu ya maji, hii ikanyanyua ikabaki hivyo hivyo. Watu wa nyuma wamekaa kama wako kwa daktari wa meno. Tezi, yaani nyuma ya boti, imezama, nyuma yetu bonge la wimbi linatufuata kama linatudai. Injini haipigi kelele, inaguna. Mmmmmm. Naangalia mita ya mizunguko, 3400. Nasukuma mkono wa mafuta, umeshafika mwisho, nausukuma tena, labda kuna mwisho mwingine. 3400. Simu inasema noti 6.

Mshkaji akasema kwa upole sana, "dakika nne zimeisha."

Nikasema mafuta yana maji. Nikasema plagi. Nikasema mkondo wa maji leo ni mkali, na maji yametulia kama ya kwenye sufuria. Halafu nikapata wazo, tatizo uzito uko nyuma, jamani sogeeni mbele wote, na wewe mnene nenda kabisa puani. Watu tisa wakatambaa kwenda omo, tezi ikainuka, na hapo ghafla injini ikapiga ukelele WEEEEEE, mshale wa mita ukaruka hadi 6000! Nikasimama. Nikanyoosha mkono juu. Nikapaza sauti, "MNAONA?! Si niliwaambia?!"

Propela ilikuwa inakula hewa. Mguu umeinuka, imevuta hewa kutoka juu, inazunguka kwenye mapovu, injini nyepesi kama inasaga upepo, na boti ndio inazidi kupungua. Mimi nashangilia, wimbi letu wenyewe la nyuma linatufikia na kutupita. Simu inasema noti 4.

"Rudini nyuma," nikasema. Wakarudi. Mmmmmm.

Na hapo ndipo akatokea mzee na mtumbwi wake wa tanga. Sikumsikia maana hana cha kusikika, nimegeuka tu nikaona tanga lenye viraka viwili kule nyuma kwa mbali, nikasema huyu naye anakwenda wapi. Baada ya muda nikageuka tena, viraka nikaviona vizuri, kimoja cha bluu. Mara ya tatu kugeuka nikamwona dogo mbele ya mtumbwi, anachota maji na kopo, kachota kamwaga, kachota kamwaga, hana presha. Nikaamua nisigeuke tena, nikaangalia mbele kama nahodha mwenye safari ndefu. Omo ya mtumbwi ikaingia pembeni ya jicho langu la kulia. Ikaja polepole. Polepole namna ile ambayo mnapata muda wa kuangaliana vizuri na kila mtu. Likaja kopo, akaja dogo, likaja tanga, hadi akafika mzee mwenyewe amekaa kwenye usukani, mguu mmoja juu ya mwingine, tukawa sambamba kabisa, bega kwa bega. Ningefanya nini? Nimelelewa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akatuangalia sote kumi. Akaangalia injini inavyoguna, akaangalia maji. "Mmetia nanga hapo?"

Wakuu, mafuta yalikuwa MWISHO.

"Hapana mzee," nikajibu, "tunakwenda."

Akanyamaza kidogo, akatafakari. "Haya," akasema. Na akaenda. Dogo akatupungia na kopo.

Voisi ya mshkaji hapa ina kicheko cha sekunde 40, mtu anaweza kuiruka.

Kilichofuata ni kifupi. King'ora cha joto kikalia, injini imebeba mzigo kwa mizunguko ya chini muda wote ule na pampu ya maji ya ule mguu wa mtumba impela yake (yale mapanga yanayosukuma maji) ilikuwa imechoka kuliko mimi, nikazima. Mzee akageuza tanga akarudi, akarusha kamba, nikasema hapana mzee tutajitegemea, mshkaji akawa ameshaifunga. Sawa, tulivutwa. Ila sio "safari nzima" kama anavyosema yeye, ni ile nusu ya mwisho.

Fundi hakufungua hata kitu kikubwa. Akachomoa plagi, akatoa kamba ya kuzimia, akatia gia, akachora mstari wa chaki kwenye propela na kwenye flaiwili (lile gurudumu zito la juu ya injini), akaniambia zungusha flaiwili mizunguko 7 na uhesabu kwa sauti. Mimi mtu mzima nahesabu moja, mbili, mbele ya watu wote wa Jumamosi waliokuja kushuhudia. Kwa gia yangu ya zamani 7 ingetoa propela mizunguko 3 kamili. Hapa ilipita 3, ikaendelea, ikakaribia kumaliza ya 4. Fundi akafuta mikono. "Zamani kila injini ikizunguka mara moja ulikuwa unaiomba inchi 5 na kidogo. Sasa unaiomba inchi 9 na robo. Kwa boti hii?" Akaigongagonga ubavuni kama mtu anayechagua tikiti.

Nikajitetea kwamba nilisoma ukipunguza pichi kwa inchi moja mizunguko inapanda 150 mpaka 200, si tushuke tu hadi pichi 15? Akasema buku la injini yako linataka 5500 mpaka 6000, wewe uko 3400, hizo inchi unazotaka kupunguza zitafika zaidi ya kumi, utabaki na feni ya mezani. Nikauliza ile ya pichi 11 je? Akasema hata hiyo bado nzito, na hata ukishuka hadi 9, kwa kipenyo cha inchi 11 haitashika maji vizuri kwa uzito huu. Mguu mwembamba ni wa boti nyepesi. Mshkaji akauliza slipu yetu siku ile ilikuwa asilimia ngapi. Fundi akapiga hesabu hapo hapo na daftari LANGU, kwa 3400 tulitakiwa noti 26, tukaenda 6. Asilimia 77. Nyie mnaoniita Bwana Sabini na Saba sasa mmejua inatoka wapi, na naomba iishe.

Mguu wa zamani umetiwa gia mpya, 2.33 ile ile, propela ya inchi 14 imerudi, pampu mpya. Mita inasoma 5600, noti 17 na kidogo, daftari nimelificha.

Jana nimempita mzee yule yule njiani. Nimepunguza mafuta kabisa ili wimbi lisimsumbue, nikapita taratibu pembeni yake, nikamwamkia. Akaitikia, akaangalia injini, akaangalia maji.

"Leo mmeng'oa?"