Mgeni wa siku tatu na jembe lake

Walimu wa sanaa ninaozungumza nao wana lalamiko moja, na hulisema kwa uchungu. Wanakuja watu kuendesha warsha fupi ya sanaa shuleni, na bango, fulana zenye nembo na makopo ya rangi. Msanii mwalikwa anatambulishwa, vijana thelathini wanachora na kupaka siku tatu, vyeti vinagawiwa, picha zinapigwa. Siku ya nne ukumbi umefagiwa, makopo yaliyobaki yameondoka na gari lililoyaleta, na mwalimu amebaki na chaki yake. Fedha ile, wanasema, ingetosha kununua karatasi na brashi za shule nzima.

Lalamiko hilo si la kupuuzwa, na nitalirudia. Ila kutoka hapo watu wengi wanaruka hadi kusema kwamba warsha fupi na msanii mgeni ni sherehe tu, haimfundishi kijana chochote, na heri iachwe. Hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Wanaoipinga wana historia nzito nyuma yao. Ufundi wa huku kwetu haujawahi kufundishwa kwa siku tatu. Mwanagenzi wa milango ya nakshi kule Lamu hukaa na fundi wake miaka. Huanza kwa kufagia vumbi la mbao na kunoa patasi, na siku ya kuguswa mlango wenyewe huamuliwa na fundi. Wachongaji wa vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, watakwambia hivyo hivyo: mpingo ni mgumu na ni ghali, na pigo moja la tezo mahali pasipo pake hupoteza gogo zima. Hata sanaa ya darasani katika ukanda huu ilikua kwa mtu kukaa. Margaret Trowell, Mwingereza, alianza kufundisha katika chuo cha Makerere, Uganda, mwaka 1937 kwenye baraza ya nyumba yake, akadumu na kazi hiyo miongo miwili hivi. Katika shule aliyoianzisha walipita wachoraji kama Sam Ntiro na Elimo Njau, wote wawili wa Kilimanjaro. Angekuja siku tatu na kuondoka, nani angemkumbuka?

Nakubali yote hayo. Lakini warsha haishindani na Makerere wala na fundi wa Lamu. Kijana wa shule ya kawaida hana fundi wala hana Makerere. Alicho nacho ni kipindi.

Kipindi ni dakika 40. Toa dakika za kuingia na kutulia, za kugawa karatasi, za kuosha brashi na kufuta meza kabla mwalimu wa hesabu hajabisha hodi. Zikibaki 20 za kazi, una bahati. Sasa jaribu kufanya chapa ya mbao ndani ya dakika 20: kuchora, kuchonga, kupaka wino, kukandamiza karatasi, kuibandua, kuona ulichokosea, kurudi kwenye patasi. Haiwezekani. Rangi ya mafuta ya kopo inahitaji saa kadhaa kukauka kabla hujaweka rangi nyingine juu yake, kwa hiyo darasani kijana hujifunza kupaka tabaka moja, wiki baada ya wiki, mwaka hadi mwaka, na hajui kwamba picha hujengwa kwa tabaka. Warsha ya siku tatu yenye saa sita kwa siku ni saa 18, sawa na vipindi 27. Shule yenye kipindi kimoja cha sanaa kwa wiki itazitafuta saa hizo kwa zaidi ya nusu ya mwaka wa masomo, na ikizipata zimekatwakatwa vipande ambavyo havijengi kitu. Kwangu tofauti kubwa iko hapo kuliko kwenye wingi wa saa. Saa sita mfululizo humpitisha kijana pale ambapo kazi inachosha na kukatisha tamaa, kisha inafunguka. Kengele ya dakika 40 humtoa nje kabla hata hajafika kwenye uchovu huo.

Kisha kuna kitu ambacho mgeni peke yake hukileta, nacho ni kukosea mbele ya watu. Nilikaa pembeni ya warsha moja Dar es Salaam nikamwona mchoraji, mtu mzima anayeishi kwa kazi yake, akitengeneza anga la picha karibu saa nzima vijana wakimtazama. Akarudi nyuma hatua mbili. Akachukua kitambaa, akafuta lote. Chumba kilinyamaza. Mvulana mmoja akamuuliza, "Mwalimu, umeharibu?" Akajibu, "Ndiyo. Ngoja tuone." Akaanza upya juu ya doa lililobaki, na lile doa likawa wingu la mvua. Wale vijana wanatoka kwenye mfumo ambao kosa huwekewa alama nyekundu na kupunguzwa maksi. Mwalimu wao wa kila siku, hata akiwa hodari namna gani, ana silabasi ya kumaliza na mtihani unaomsubiri. Hana nafasi ya kuharibu saa nzima mbele yao. Mgeni anayo, na mchana ule niliona vijana waliokuwa wakiomba kifutio kila dakika wameacha kukiomba.

Kuhusu muda pia hukumu zetu hutolewa upesi mno. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 na akauawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka minne. Ndani ya miaka hiyo aliwaweka karibu yake vijana wachache, wengi wao jamaa zake, akina Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia na January Linda, wakawa wanapaka rangi za makopo juu ya vipande vya hadibodi na kuuza Oysterbay, Dar es Salaam. Leo jina lake ni la mtindo unaojulikana duniani. Najua miaka minne si siku tatu. Ila waliomzunguka hawakuwa na shule wala cheti. Walikuwa na mtu anayefanya kazi mbele ya macho yao, na rangi mkononi.

Mfano ulio karibu zaidi na warsha ninazozitetea uko Nigeria. Katika mji wa Osogbo, mwaka 1962 na 1963, Denis Williams, msanii aliyetoka Guyana, aliongoza warsha fupi katika klabu ya Mbari Mbayo ya mwigizaji Duro Ladipo. Mwaka 1964 Georgina Beier, msanii Mwingereza, akaongoza nyingine. Vijana waliokuja walikuwa waigizaji wa kikundi cha Ladipo na watu wa kawaida wa mjini. Humo wakatokea Twins Seven-Seven, Muraina Oyelami, Jimoh Buraimoh na wengine ambao kazi zao zimo katika makumbusho hadi leo. Ni siku chache tu za warsha.

Anayepinga atanikatiza hapa, na ana haki. Atasema Osogbo ilishutumiwa, na wasanii waliosoma vyuoni wakiwemo, kwamba wageni ndio walioamua sanaa ya Kiafrika ionekaneje, wakachagua wale waliowapendeza macho. Shutuma hiyo ina uzito, na inahusu warsha zetu pia: mgeni akiwa na mtindo wenye nguvu, vijana thelathini huondoka na picha thelathini zinazofanana na zake. Elimo Njau, ambaye mwaka 1965 alishiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi, aliligeuza jambo hili kuwa kauli yake ya maisha: kunakili humlaza Mungu usingizi.

Lakini tiba ya kunakili ni wageni wengi. Kijana mwenye mwalimu mmoja atamwiga huyo mmoja, kwa sababu hajui kama kuna njia nyingine ya kuchora mbuzi. Akija mchongaji muhula wa kwanza, mchora katuni muhula wa pili, na mama anayesuka ukili muhula wa tatu, kijana ameona mbuzi watatu wasiofanana na itambidi atafute wa kwake. Na hakuna ulazima wageni hao watoke mbali. Nafasi Art Space, kituo cha sanaa pale Mikocheni, Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 2008, kina wasanii wanaofanya kazi ndani ya makontena kila siku, na si safari ndefu kuwafikia kutoka shule nyingi za Kinondoni.

Osogbo ina funzo jingine ambalo waandaaji wa warsha hawapendi kulisikia. Warsha ilikuwa fupi, ila baada yake Georgina Beier alibaki mjini, na waliofanya vizuri walipata mahali pa kuchorea, vifaa na mtu wa kuwatazamia kazi. Hapo walimu wanaolalamika wako sahihi kabisa. Makopo yakirudi na gari, mlango umefunguliwa ukafungwa usoni mwa mtoto, na sidhani kuna utetezi wa hilo. Gharama ya kuacha rangi, patasi na mbao kumi shuleni ni ndogo kuliko fulana.

Tuna methali, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Warsha zetu zimeifuata kwa herufi: siku ya kwanza hotuba na mgeni rasmi, ya pili utambulisho na mada ukutani, na jembe linashikwa siku ya tatu, vijana wanapaka haraka ili picha za kufungia zipatikane. Msanii mwalikwa apewe jembe saa mbili ya asubuhi ya kwanza. Na mwalimu mwenyeji asisimame mlangoni kulinda nidhamu. Apewe brashi naye, akae benchi moja na wanafunzi wake.

Katika ile warsha ya anga lililofutwa, mwalimu mwenyeji alikaa hivyo. Aliharibu karatasi nne, na ya tano akaenda nayo nyumbani. Nilipompigia simu wiki mbili baadaye hakunisimulia sana habari za yule mchoraji. Aliniambia amemwendea mwalimu wa taaluma akaomba vipindi vyake viwili vya wiki visitenganishwe tena, na amekubaliwa. Sasa ana dakika 80 kila Alhamisi, mfululizo, na ameziweka mwisho wa siku ili wanaotaka kubaki wabaki.