Nani Kalileta Dude Hili?

Jumamosi ndiyo siku yangu pekee ya kulala mpaka jua linichome. Basi saa kumi na mbili asubuhi mtoto wa jirani kanipulizia vuvuzela dirishani. Vuuuuu! Nikakurupuka nikijua ng'ombe kaingia sebuleni. Kisa, jana timu ya baba yake ilishinda.

"Shikamoo anko," ananiambia, dude mkononi. Nikaitika marahaba, utafanyaje.

Nikaapa leo nitamjua aliyelileta hili dude duniani. Kitinda mimba wangu akanitafutia kwenye simu. Nilidhani nitasomewa habari za mtu aliyejificha kwa aibu. Kumbe wanaligombania! Yupo shabiki wa Kaizer Chiefs huko Afrika Kusini, Freddie Maake, jina la utani Saddam. Anadai mwaka 1965 alichukua honi ya baiskeli, akang'oa lile puto la mpira, akaanza kupuliza kwa mdomo. Waumini wa kanisa la Shembe nao wanasema ni tarumbeta lao la ibada, wameporwa tu. Halafu yupo Neil van Schalkwyk, aliyeanza kuyafyatua ya plastiki kiwandani mwaka 2001. Huyu sasa ndiye wangu. Honi moja ya baiskeli ingefika lini huku uswahilini kwetu?

Hata jina hawaelewani. Mmoja anasema ni Kizulu, maana yake kupiga kelele. Mwingine anasema ni ule mlio wenyewe, vu-vu. Wa tatu anasema ni lugha ya mtaani, inahusu bafu la manyunyu. Hilo la bafu naliamini, maana nilimsogelea yule mtoto nimnyang'anye nikarudi uso umelowa mate. Nikakumbuka nasi tuna kuvuvia moto. Nikanyamaza, isije ikasemwa asili yake ni kwetu.

Na mwenzenu nilishateswa nalo zamani. Kombe la Dunia la 2010, mechi ya kwanza tu, nikapanda juu ya bati kugeuza antena. Nageuza huku, nageuza kule, mke wangu chini anapaza sauti: "Bado inavuma!" Nusu ya kwanza nzima niko juu ya bati kama paka, natafuta nyuki wasiokuwepo. Nilishushwa na jirani, yuleyule, akicheka mpaka anashika mbavu.

Wazungu wao walishtuka mapema. Mwaka huohuo watu wa tenisi ya Wimbledon wakasema vuvuzela haliingii, na mwezi wa Septemba UEFA wakalipiga marufuku kwenye mashindano yao. Lakini neno lenyewe likaingia kwenye kamusi ya Oxford, tena mwaka uleule! Yaani neno wamelikaribisha sebuleni wakalipatia na kiti, chombo wamekifungia mlango. Nami ningekubali hivyo: mtoto abaki na neno, dude anikabidhi.

Jioni nikaenda kwa baba yake. Alinisikiliza kwa upole, akanivutia kiti, akaagiza niletewe maji.

"Pole sana, jirani," akasema. "Tatizo lilikuwa wanagombania. Usiku kucha mdogo wake analia, anataka na yeye. Lakini tumeshalimaliza, nimemnunulia la kwake."

Nikageuka. Mdogo mtu amesimama mlangoni, amelikumbatia. La njano na kijani.