Haki za Viwanja Katika Mipango ya Miji

Mjadala kuhusu mipango ya miji mara nyingi huwagawa watu pande mbili: wanaotaka majengo ya kale yalindwe, na wanaotaka yabomolewe kupisha barabara na maghorofa. Kwa maoni yangu, pande zote mbili hulipita jambo lenye uzito zaidi, yaani mipaka ya viwanja na haki za wenyewe, ambazo hudumu hata kuta zikiisha kuteketea.

London ilidhihirisha hilo mwaka 1666. Moto ulioanza Septemba 2 uliteketeza nyumba zipatazo 13,000, na kabla ya mwezi huo kwisha msanifu majengo Christopher Wren alikuwa amekwisha kumpelekea mfalme ramani ya mji mpya wenye barabara pana zilizonyooka. Haikutekelezwa. Kila mwenye kiwanja alitaka kujenga pale pale iliposimama nyumba yake, wala hapakuwa na fedha za kuwalipa wote fidia. Sheria ya mwaka 1667 ikaagiza nyumba zijengwe kwa matofali au mawe, baadhi ya njia zikapanuliwa, lakini mitaa kwa sehemu kubwa ikabaki ilipokuwa.

Rotterdam, nchini Uholanzi, ilishika njia nyingine. Baada ya mabomu ya Wajerumani ya Mei 14, 1940, mamlaka zilitwaa ardhi ya katikati ya mji na kuchora upya viwanja, na mwaka 1953 ukafunguliwa Lijnbaan, mtaa wa maduka uliotengwa kwa waendao kwa miguu. Wanaotetea uthubutu huo wana hoja nzito, kwani mji unaoheshimu kila haki ya zamani huishia kulinda pia dhuluma iliyoizaa.

Hata hivyo, Warszawa, mji mkuu wa Poland ulioharibiwa katika Vita Kuu ya Pili, inatoa onyo. Amri ya Oktoba 1945 iliifanya ardhi ya mji huo kuwa mali ya umma, jambo lililorahisisha kuujenga upya Mji Mkongwe, kwa msaada hata wa michoro ya mchoraji Bernardo Bellotto ya karne ya 18. Lakini baada ya utawala wa kikomunisti kuanguka mwaka 1989 madai ya warithi yaliibuka, nyumba zikarudishwa, na wapangaji waliokuwa wakiishi humo kwa miaka mingi wakajikuta wakiondolewa.

Mimi naegemea upande wa kutwaa ardhi pale mji unapohitaji kweli kubadilika, mradi fidia ilipwe wenye haki wakiwa bado hai, na wapangaji wasio na hati wahesabiwe kabla mstari wa kwanza wa ramani haujachorwa.